Nani Atalipa Mwaka wa Pili?

Vijijini Uganda, kuanzia Kasese hadi Arua, kuna vitu viwili vilivyokufa vifo tofauti. Cha kwanza ni jengo walilojenga wananchi kwa mikono yao: matofali yao, mchanga wao, mabati ya mchango wa kanisani na msikitini, na leo ndani hamna mtu ila popo. Cha pili ni pampu ya maji iliyoletwa na serikali, ikazinduliwa kwa ngoma na hotuba, na leo mkono wake umefungwa kwa kamba ya katani. Redioni na kwenye vijiwe vya boda boda ubishi hauishi: tujifanyie wenyewe, au tuwasubiri tuliowapigia kura? Kwa sisi tunaokaa na kamati za maji, za shule na za vituo vya afya, ubishi huo hausaidii kitu. Kazi iliyodumu na kazi iliyokufa tunazitenganisha kwa swali moja, na linatakiwa kuulizwa kabla jembe la kwanza halijagusa udongo: nani atalipa mwaka wa pili?

Mwaka wa kwanza haujawahi kuwa tabu. Watu wa nchi hii wanajua kufanya kazi pamoja, na kila upande una jina lake. Buganda ni bulungi bwansi. Kigezi kuna engozi, vikundi vinavyobeba wagonjwa kwa machela milimani. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, ambako mikutano mingi huendeshwa kwa Kiswahili, Mnyarwanda atasema umuganda na Mkongomani mtu mzima atasema salongo, halafu atanuna kidogo. Ananuna kwa sababu salongo ya enzi za Mobutu ilikuwa amri, si hiari. Uganda nayo ilikuwa na luwalo, kazi ya bure ambayo utawala wa kikoloni ulimdai kila mwanamume kila mwaka. Kwa hiyo jina mtakaloipa kazi lichagueni vizuri. Katiba ya 1995, kifungu cha 25, inakataza kazi ya kulazimishwa, lakini haihesabu humo kazi za kawaida za kijamii. Faini ndogo iliyopitishwa na mkutano kwa asiyekuja watu huikubali. Mwenyekiti anayetuma vijana wakamnyang'anye mama kuku kwa sababu hakuja kuchimba mtaro ameua mtaro wenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo hata viongozi wengi hulisahau. Mabaraza ya vijiji yalizaliwa katika vita vya msituni vya Museveni miaka ya mwanzo ya 1980 kama RC (Resistance Council, baraza la mapambano), yakawekewa sheria 1987, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikayaita LC (Local Council, baraza la mtaa). Kwa sheria hiyo baraza la kijiji si wale watu kumi wa kamati. Ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Maana yake, watu themanini waliokaa chini ya mwembe wakaamua kukinga chemchemi si kikundi kinachoisaidia serikali. Ndio serikali yenyewe katika ngazi yake ya chini kabisa, mradi tu katibu ameandika. Aandike tarehe, wangapi walikuwepo, wanaume na wanawake, uamuzi kwa sentensi moja isiyo na maua, kila kaya itachangia nini, halafu sahihi na muhuri wa LC1, yaani LC ya ngazi ya kijiji. Karatasi hiyo ndiyo inayopanda kwenye muluka (vijiji kadhaa pamoja), kwenye gombolola (miluka kadhaa, chini ya wilaya) na wilayani. Bila hiyo, juu huko mtaitwa "wananchi fulani".

Tena msitegemee kura peke yake kuwaweka viongozi macho. Wenyeviti wa LC1 walichaguliwa 2001, na uchaguzi uliofuata ulikuja Julai 2018, watu wakipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2001 alimaliza shule ya msingi kabla mama yake hajapata nafasi ya kumbadilisha mwenyekiti. Vijiji vilivyoendelea kufanya kazi miaka yote hiyo vilikuwa na daftari, siku maalumu ya kazi na watu wa kuulizana.

Tuanze na maji, maana ndipo makosa yote huonekana mapema. Kukinga chemchemi ni kazi ambayo kijiji kinaweza kuifanya chenyewe kikiwa na fundi mwashi mmoja mzuri. Kwanza pimeni kiangazi, sio masika, kwa sababu kila chemchemi ni tajiri mwezi wa Aprili. Wekeni dumu la lita 20 mhesabu. Likijaa chini ya dakika moja, endeleeni. Likizidi dakika tatu, okoeni saruji yenu. Kisha chimbeni kurudi nyuma kuelekea kilimani mpaka mlione jicho lenyewe, pale maji yanapotokea juu ya udongo mgumu usiopitisha maji. Jazeni mawe yaliyooshwa, juu yake turubai la plastiki na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Ukuta wa mbele uwe na mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, na mabomba yatoke humo. Juu ya chemchemi, kama meta kumi upande wa mlima, chimbeni mtaro wa kukata maji ya mvua yasishuke na kinyesi cha mbuzi. Choo kisiwe karibu ya meta 30, na wala kisiwe upande wa juu. Mikaratusi mtu asipande hapo. Inakunywa kuliko ng'ombe.

Kosa linaloziua chemchemi nyingi ni kuliinua bomba juu ya usawa wa jicho. Watu huliinua ili dumu lipate kuingia chini yake. Maji yakizuiwa hurudi nyuma na kutafuta njia nyingine, na baada ya wiki chache mnayakuta yanatiririka kwenye shamba la migomba la jirani, ukuta wenu umebaki mkavu kama kaburi. Dumu la lita 20 linahitaji kama sentimeta 50 chini ya bomba. Sentimeta hizo zipateni kwa kuchimba chini pahali pa kusimama, na muwe na mtaro wa kutoa maji yanayomwagika. Kama mteremko hauruhusu mtaro huo, mahali hapo hapafai, hata kama diwani ameshapiga picha.

Kuhusu watu wa kazi: mkiwa na majembe kumi na mawili msiite watu themanini. Sitini watakaa kivulini, na mara ya pili hawaji. Gaweni vikosi vya watu kumi na watano, kila kikosi siku yake, msigongane na siku ya soko wala Ijumaa wala Jumapili. Gaweni kazi kwa kipimo, si kwa saa. Kaya ikipewa meta mbili za mtaro, mjane ataleta mpwa wake, mwenye duka atamlipa kijana, na saa nne asubuhi kila mtu amekwenda zake. Ikigawiwa kwa saa, anayechelewa na anayewahi wanahesabiwa sawa, na ugomvi unaanzia hapo.

Kabla ya yote hayo kuna ardhi. Mwenye shamba lenye chemchemi leo ni mkarimu, kesho amekufa na mwanawe amerudi kutoka Kampala na waya wa seng'enge. Mkataba uandikwe: ukubwa wa eneo, upana wa njia ya kufikia maji, mipaka na majirani wake, sahihi ya mwenye ardhi, ya mke au mume wake, ya mashahidi wawili, na muhuri. Sahihi ya mwenzi wa ndoa si adabu tu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitaka kwa ardhi ambayo familia inaishi au inalima kwa chakula chake. Nakala moja ikae kijijini, moja gombolola, moja kwa mwenye ardhi. Kwenye ardhi ya mailo, ambako mmoja ana hati na mwingine anakaa na kulima kibanja chake juu ya ardhi hiyohiyo, ongezeni mstari unaosema anayetoa ni mwenye kibanja au mwenye hati, maana ni watu wawili tofauti.

Chemchemi ikiisha, wengi husherehekea na kwenda nyumbani. Hapo ndipo mwaka wa pili unapotea. Andikeni barua kwa afisa wa maji wa wilaya, kupitia gombolola, mkiomba chanzo kiingizwe kwenye rejista na maji yapimwe kama yana vijidudu vya kinyesi. Chanzo kisicho na namba hakipo. Ukuta ukipasuka baada ya miaka mitano, fedha za ukarabati huenda kwa vilivyoandikwa. Tukiri pia upande mchungu: mkishaandikwa, gombolola yenu inahesabika kuwa na maji zaidi, na kwenye kugawa visima vipya mnashuka foleni. Kijiji kilichojituma kinaweza kuonekana hakina shida. Dawa yake si kujificha. Barua hiyohiyo itaje vitongoji vingapi bado viko mbali na maji na umbali wao, kwa sababu serikali ina kipimo chake cha umbali vijijini, na chanzo kimoja cha pampu huhesabiwa kuhudumia watu 300. Hesabu mkiipeleka wenyewe, hamtahesabiwa na mtu aliyekaa ofisini.

Pampu za mkono zina elimu yake. Nyingi zilizoko nchini ni aina ya U2, na chache U3. Tofauti yake kila kamati inatakiwa kuijua. Kwenye U3 fundi anaweza kuutoa mtambo wa chini kupitia ndani ya bomba. Kwenye U2, hata kubadilisha kikombe cha mpira cha bei ndogo kunahitaji mabomba yote yavutwe juu, moja moja, kila moja meta tatu. Kisima cha meta 36 ni mabomba kumi na mawili ya chuma yenye maji ndani, watu sita wenye nguvu, koleo za kubania na siku nzima. Kwa hiyo anayewaambia matengenezo ni "kampira tu" hajui anachosema.

Mtu wa kutunza pampu asikilize. Mkikuta asubuhi mnapiga mara ishirini ndipo maji yatoke, vali ya chini inavuja au bomba limetoboka. Mkono ukiwa mwepesi ghafla na maji hayatoki kabisa, fimbo zimeachana. Maji ya kwanza ya asubuhi yakiwa mekundu na yana ladha ya msumari, mabomba ya chuma yanaliwa na maji yenye asidi, na kubadilisha moja moja ni kupoteza pesa. Ombeni ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Pampu nzima hujaza dumu ndani ya dakika moja na nusu hadi mbili. Mnyororo upakwe grisi kila mwezi na boliti zikazwe, na spana yake isikae nyumbani kwa mtu anayesafiri.

Pesa zake ni hesabu rahisi. Kaya 50, kila moja shilingi 2,000 kwa mwezi, ni 1,200,000 kwa mwaka. Nusu wakilipa, ni 600,000, na mpangie hapo, kwa sababu nusu ndiyo hali ya kawaida mahali ambapo hakuna anayefuatilia. Wanaolipa vizuri hulipa wakati wa mavuno, si kila mwezi: kahawa ikiuzwa, mahindi yakiuzwa. Pesa zikikaa mfukoni mwa mweka hazina zitakopwa, hata kama ni mtu mwaminifu, maana mtoto wake naye huugua usiku. Njia iliyofanya kazi sehemu nyingi ni kuziweka kwenye sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa, lile la makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wasio viongozi. Kikundi kinazikopesha kwa wanachama na faida inarudi kwenye mfuko wa maji. Ila angalieni mwezi wa Desemba, kikundi kinapovunja sanduku na kugawana. Kama fedha za maji hazikuwa na mfuko wake wa kitambaa na ukurasa wake, zitagawanywa pamoja na hisa, na Januari mnavunjikiwa mnyororo. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanaizungumzia kamati ya maji.

Adui mkubwa wa mfuko huo si mwizi. Ni kampeni. Kila unapokaribia uchaguzi anatokea mgombea anayesema maji ni ya bure, msichangishwe. Akishinda hana pa kuzitoa, lakini tabia ya kulipa imeshavunjika, na kuijenga upya ni kazi ya miaka miwili. Historia ya nchi hii imejaa zawadi za aina hiyo, na kwa haki tuseme nyingine zilikuwa zawadi kweli. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza 1997, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka. Hakuna kijiji, hata kiwe na umoja gani, ambacho kingeweza kufanya hilo. Machi 2001 malipo ya vituo vya afya vya serikali yalifutwa, na maskini waliokuwa wakifia nyumbani wakaja kutibiwa. Lakini kamati za vituo vya afya, ambazo nguvu yake ilikuwa zile fedha kidogo za kununulia mafuta ya taa na kumlipa mfagiaji, zilibaki na mihuri mitupu. Halafu 2005 kodi ya kichwa, ile ya musolo iliyojaza mifuko ya gombolola, ikafutwa. Sheria inasema gombolola ibaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na robo ya hizo irudi vijijini. Robo ya karibu na sifuri ni nini? Hakuna mtu anayelilia musolo na askari wake waliowakimbiza wanaume migombani, ila ni vizuri kujua kwa nini mwenyekiti wenu anatoza barua ya utambulisho.

Shuleni, nafasi ambayo serikali imeiacha wazi kisheria ni chakula. Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi kumlisha mtoto wake. Mkuu wa shule hana ruhusa ya kumfukuza mtoto kwa kutolipa, kwa hiyo uji wa mchana hauwezi kuwa ada. Ni lazima uwe makubaliano ya wazazi wenyewe. Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya unga hutoa kama lita kumi za uji, basi kikombe cha nusu lita ni gramu 50. Watoto 400 ni kilo 20 kwa siku. Muhula wa siku 60 za masomo ni kilo 1,200, sawa na kilo tatu kwa mtoto. Ombeni kilo tano za mahindi makavu. Kilo mbili za ziada zinamlipa mwenye mashine ya kusaga, zinanunua chumvi na sukari, na zinawafunika watoto ambao kwao hakuna kitu. Hao wapo kila darasa, na mtoto asikae akitazama wenzake wakinywa. Mkiruhusu hilo hata wiki moja, mpango mzima umekufa kwa aibu.

Mahindi yakusanywe wakati wa mavuno, sio siku ya kufungua shule, kwa sababu Februari na mwishoni mwa Mei ghala za watu ni tupu au zinaelekea kuwa tupu. Yapokelewe yakiwa makavu. Asiye na kipimo atumie chupa ya kioo: tia mahindi hadi robo, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, mrudishie mwenyewe akayaanike. Mkiyapokea mabichi yataota kuvu, na sumu ya kuvu haitoki kwa kupika. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta. Mpishi alipwe kwa pesa au kwa unga uliokubaliwa mapema kwa maandishi. Mpishi wa kujitolea hujilipa mwenyewe usiku.

Sasa majengo, ambako hasara huwa kubwa zaidi. Kijiji kikiona wagonjwa wanafia njiani, wazo la kwanza ni kujenga kituo cha afya. Matofali yanachomwa, mbunge analeta mabati, na miaka mitatu baadaye kuna vyumba vinne na hakuna muuguzi. Sababu ni kwamba kituo kinahitaji watumishi, kwa miaka mingi kipimo kilikuwa tisa kwa kituo cha ngazi ya pili na kumi na tisa kwa cha ngazi ya tatu, na mishahara hiyo haitoki wilayani, inatoka Kampala kwa idadi iliyokwisha kuwekwa. Isitoshe serikali iliacha kufungua vya ngazi ya pili na kuanza kupandisha vilivyopo kuwa vya ngazi ya tatu. Basi kijiji kinachojenga cha ngazi ya pili kinajenga kitu ambacho hakina mlango kwenye bajeti. Shule ya wazazi ni hivyohivyo: mpaka ikubaliwe kusaidiwa na serikali, walimu wanalipwa na wazazi, na walimu wazuri huondoka kwanza. Utaratibu unaofaa umepinduka kichwa chini kwa macho ya wengi: barua ya maombi kwanza, ukaguzi wa ardhi pili, jibu la maandishi la wilaya tatu, tofali mwisho. Jibu likiwa hapana, nguvu hizo zijenge nyumba ya muuguzi kwenye kituo kilichopo gombolola. Nyumba hiyo ndiyo inayomfanya awepo saa nane ya usiku, kuliko kuta nne mpya bila mtu.

Watu wa Kigezi walilitatua kwa njia nyingine, na ni mfano tunaourudia mara nyingi. Kikundi cha engozi kilianza kwa sababu ya jiografia: milima mikali, hakuna gari, mgonjwa hubebwa. Kila kaya inatoa mbebaji, wanne chini ya machela kwa zamu, majina yanasomwa, asiyekuja anatozwa. Vikundi hivyohivyo vilizika wafu, vikaweka akiba, vikakopeshana. Hospitali ya misheni ya Kisiizi, Rukungiri, ilipoanzisha bima ya afya 1996 haikuunda chama kipya. Iliwasajili watu kupitia engozi zao. Ni busara yenye hesabu ndani yake. Bima ikimwachia mtu mmoja mmoja, watajiunga wajawazito na wenye pumu peke yao, na mfuko unakauka. Kikundi kikiingia kwa pamoja, wazima wanawabeba wagonjwa kama walivyowabeba kwa machela.

Zamani kidogo, wananchi kuwafuatilia watumishi na fedha za serikali kulionekana kama dawa ya kila kitu, na ushahidi ulikuwapo. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha za shule za msingi za 1991 hadi 1995 wakakuta kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha kiasi kwenye magazeti na kubandika kwenye kuta za shule, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilifika. Baadaye Svensson na Martina Björkman walijaribu kwenye vituo vya afya 50: wanakijiji wakapewa takwimu za kituo chao, wakaketi na wahudumu, wakaandikiana ahadi. Mwaka mmoja baadaye vifo vya watoto wadogo vilikuwa vimepungua kwa thuluthi. Lakini jaribio kama hilo liliporudiwa na watafiti wengine kwenye vituo 376, punguzo hilo la vifo halikuonekana. Tunalitaja kwa sababu mashirika bado yanauza mikutano ya uwajibikaji kama vile ni panadoli. Muuguzi anayechelewa atabadilika mkimwuliza. Sanduku la dawa lililo tupu halibadiliki kwa kuulizwa na kijiji, kwa sababu muuguzi si yeye aliyelijaza.

Kinachohitajika hapo ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti ya wilaya lazima ipitishwe kabla ya mwisho wa Mei. Ila mambo yanaamuliwa mapema zaidi: vikao vya vijiji na miluka, halafu mkutano wa bajeti wa wilaya kwenye miezi ya Oktoba na Novemba. Ombi linaloingia Februari limefika msibani watu wameshatawanyika. Vilevile ombi litaje mfuko wake, kwa sababu sehemu kubwa mno ya fedha za wilaya zinatoka serikali kuu zikiwa tayari na jina: za maji, za majengo ya shule, za afya ya msingi, za barabara. Diwani hawezi kuhamisha za maji akanunua madawati, hata mkimzomea. Mwambieni hivi: "Mzee, tunaomba mabomba ya kisima namba fulani kutoka fedha za maji, mchango wetu uko sandukuni, hii nakala ya muhtasari." Atasimama barazani na kitu mkononi, na madiwani hupenda kusimama na kitu mkononi.

Tangu Februari 2022 kuna pia Mpango wa Maendeleo ya Muluka, uliozinduliwa Kibuku: shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka kupitia SACCO (chama cha akiba na mikopo), kaya inakopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa maoni yetu kosa si kiasi, ni kwamba wengi waliipokea kama asante ya kura. Kikundi kilichokuwa na sanduku kabla yake kinajua kumkatalia mtu mkopo wa nguruwe wakati hana banda. Kilichoundwa wiki ile ya kujiandikisha hakijui, na mwenyekiti wake ndiye mkopaji wa kwanza.

Kila robo ya mwaka, fedha zikishatolewa, kiasi chake kinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa wilaya, wa gombolola, na wa shule au kituo kilichopokea. Nendeni watu wawili, mmoja mwanamke, mpige picha kwa simu siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi hizo huwa hazikai. Mkikuta ubao mtupu msigombane na karani. Mwombeni kwa adabu awaandikie kwenye daftari lenu la kijiji kwamba mmekuja tarehe hiyo na hamkukuta kitu, kisha atie sahihi. Mara nyingi hatii. Ataomba mrudi kesho, na kesho mtaikuta karatasi imebandikwa.